Ndege Iliyokaa kwa Mkia

Jirani yangu ana jenereta kuukuu ambayo haiwaki bila kukohoa. Anavuta kamba, inakohoa. Anavuta tena, inatema moshi mweupe. Anaitukana, anavuta mara nyingine, ndipo inakubali. Wajukuu zangu huziba pua wakakimbilia ndani. Mimi husogeza kiti changu karibu na ukuta, upande ule moshi unakotokea, nikakaa hapo kama mtu anayeota moto. "Koko, utagonjwa," wananiambia. Waache waseme. Harufu ile ya mafuta yanayoungua kabla injini haijachangamka ndiyo harufu ya kwanza iliyonikasirisha katika maisha yangu, na mpaka leo sijaamua kama naipenda au naichukia. Nadhani yote mawili.

Ninyi mliokuwa watoto Kisangani enzi zile, wakati wazungu waliuita mji huu Stan na sisi tukaendelea kuuita kwa jina lake, mtakuwa mnaukumbuka uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Muulize mtu wa umri wetu aliipenda ndege gani, hatafikiri mara mbili. Kila mmoja alikuwa na yake, kama vijana wa leo walivyo na timu zao za mpira, na aliitetea mpaka mate yakauka. Mwingine atakuambia ile kubwa ya injini nne. Mwingine ile ndogo yenye mabawa juu ya mabawa. Yangu ilikuwa ile ya injini mbili iliyokaa kwa mkia, ambayo wazungu waliiandika DC-3 na sisi tukasema dese-troa.

Haikuwa nzuri kupita nyingine. Haikuwa kubwa, wala mpya, na tumbo lake lilikuwa na michirizi ya mafuta kama aproni ya mpishi. Niliipenda kwa sababu ilimchukua dada yangu, na kwa akili yangu ya wakati ule, aliyechukua ndiye anayerudisha.

Dada yangu tulimwita Yaya Selina. Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto, ingawa Selina alikuwa vyote viwili. Mimi alinilea mgongoni mwake, Mama akiwa sokoni kuuza samaki wa moshi ambao Papa aliwaleta kutoka Yanonge. Alinifunga kwa kitambaa kwa nguvu kiasi kwamba nilipumua kwa zamu naye. Alicheka kwa pua, mfff, mfff, hata kanisani. Alipokua kidogo akapata kazi kwenye nyumba ya Madame mmoja karibu na mto, kumlea mtoto wake, kitoto chekundu chenye hasira kilichokataa mikono ya kila mtu isipokuwa ya Yaya.

Halafu mume wa Madame akahamishiwa Léo, mji mkuu. Madame alikuja mwenyewe mpaka uani kwetu, akasimama na viatu vyake vyeupe katikati ya magamba ya samaki, akasema mtoto hatalala bila Selina. Miezi michache tu, mpaka azoee. Kisha Selina atarudishwa.

"Atarudi na nini?" Mama aliuliza. "Léo iko mbali."

"Na ndege," Madame akasema, akanyoosha kidole juu, kana kwamba hatukujua ndege zinakaa wapi.

Papa alikubali kwa kunyamaza, ndiyo iliyokuwa desturi yake. Mama alikubali kwa sababu ya lile neno ndege. Mtu anayerudishwa kwa ndege, alifikiri, ni mtu wa thamani, hatasahauliwa mahali.

Siku ya kuondoka tulikwenda wote Simi-Simi, hata mdogo wake Papa, tukasimama nje ya waya. Ndani ya waya walikuwa wenye tiketi, na wazungu waliokuja kuwasindikiza wenye tiketi. Ndege ilikuwa imekaa kama ilivyokaa siku zote, mkia chini, pua juu, kama mbwa aliyeambiwa angoje. Nilimwona Yaya akipanda ngazi fupi ya mlango wa nyuma, kitoto chekundu kiunoni, miguuni viatu vya Madame vilivyomzidi. Nililiita jina lake kwa sauti yangu yote. Hakugeuka. Baadaye Mama alinieleza kwamba alikuwa anaangalia miguu yake asianguke mbele ya watu. Lakini mimi siku ile nilijua sababu nyingine kabisa: mlango ule ulikuwa mdomo, na mtu akishaingia mdomoni hageuki.

Kisha ndege ikaanza kukohoa. Panga la injini ya kwanza lilizunguka polepole, likakwama, moshi mweupe ukatoka na kutujia mpaka kwenye waya na harufu yake. Ikakohoa tena.

"Mama, anakabwa," nilisema. "Yaya amemukwama mu koo."

"Nyamaza, Mado."

"Angalia! Atamutapika sasa!"

"Nimesema nyamaza."

Haikumtapika. Injini ya kwanza ikashika, ya pili ikashika, mchanga ukaturukia machoni, na baada ya muda tulikuwa barabarani tunarudi nyumbani kwa miguu, Papa mbele, Mama katikati, mimi nyuma nikilalamika kwamba sina mtu wa kunibeba.

Haikupita muda Papa akanichukua Yanonge kwa mtumbwi, kwenda kupokea samaki kwa ndugu zake. Huko alikaa koko wetu, baba yake Papa, mpigaji wa lokole. Kwa ambaye hakuwahi kuisikia, lokole ni gogo zito lililochimbwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba, nalo lina midomo miwili, mmoja wa mume na mmoja wa mke, mmoja wa sauti nzito na mwingine wa sauti nyembamba. Kwa sauti hizo mbili tu Koko aliweza kumwita mtu aliye shambani ng'ambo ya mto, akamwambia njoo, shemeji yako amefika, na upitie chumvi. Hakumwita kwa jina la ubatizo. Kila mtu alikuwa na jina lake la lokole, refu kama sentensi, na ndani yake wamo baba na mama yake, ili asije akaitika mtu mwingine.

"Koko," nilimwuliza, "ile ndege ya Léo iko na jina?"

"Iko na jina. Inapitaka hapa yulu ya mto kila mara, utaachaje kumupa jina?" Akachukua fimbo zake mbili, akalipiga, kisha akanitafsiria: mwewe wa chuma asiyekula kuku, mutoto wa mahali hatupajue.

Nililisikiliza jina lile kwa mwili mzima. Halafu, kama lililotumwa, dude lenyewe likapita juu yetu siku ileile likishuka na mto, na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia pale uwanjani. Injini zake mbili hazikupatana. Moja ilitangulia kidogo, nyingine ikaifuata, sauti ikawa inapanda na kushuka, wuuu-wuuu, wuuu-wuuu. Mume na mke! Ndege ile nayo ilikuwa lokole. Ilisema. Na kinachosema kina masikio.

"Muite, Koko! Mwambie amurudishe Yaya."

"Nikimuita hatasikia."

"Kwa nini?"

"Mutu mwenye kupiga lokole yake bila kupumzika, atasikia ya wengine saa ngapi?"

"Basi muite Yaya mwenyewe. Piga jina lake, batu wa kule chini wapokee, wapeleke, wapeleke, mpaka Léo."

Koko aliweka fimbo chini. Akaangalia upande mto unakokwenda. "Mpaka Isangi watasikia," alisema. "Mbele kidogo, watasikia nusu nusu. Mbele tena iko batu wengine, lokole yao inasema mambo yao. Jina la yaya yako litafika kwao kama mti unaopigwa, basi."

Papa alikuwa pembeni anafunga samaki kwenye majani. Mimi nikazichukua zile fimbo nikalipiga gogo peke yangu, kwa hasira, mdomo huu na mdomo ule, mpaka watu wakatoka kwenye nyumba zao kuuliza nani amekufa. Koko alininyang'anya fimbo zake akicheka. Sikuona cha kuchekesha. Lakini nilirudi Kisangani na kitu kimoja kichwani, na hicho ndicho kilichokuja kuniumiza: ndege ile ina jina la lokole, na jina la lokole ni la mtu mmoja. Kwa hiyo ndege ni moja. Inakwenda, inarudi, yenyewe. Na inajua ilimwacha Yaya wapi.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa Simi-Simi. Kila Jumapili baada ya misa Tonton Anselme, mdogo wake Papa, alinipakia kwenye chuma cha baiskeli yake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni na alinuka usafi hata alipokuwa mchafu. Pale kwenye waya tulimkuta Papa Saidi, mshonaji wa sokoni, mwenye kofia iliyotariziwa. Wateja wake wakiwa kanisani, yeye alikuja kupumzisha macho kwa kutazama mbali. Walikuwepo wengine pia, wanakuja na kuondoka, lakini hao wawili walikuwa nguzo za waya ule, na ugomvi wao haukuisha.

"Ndege ni moteur," Tonton alisema. "Ile yangu iko na nne. Moja ikikufa, zinabaki tatu. Mbili zikikufa, bado unakuwa na saa ya kusali rozari."

"Na zote nne zikikufa?" Papa Saidi aliuliza.

"Alors, ni siku yako."

"Ile yangu haina lazima ya nguvu mingi," Papa Saidi alisema, akionyesha ile ndogo ya mabawa juu ya mabawa, iliyofungwa kwa nyaya kama mzigo wa kuni. "Angalia bawa lake muzuri. Ile si bati, ile ni kitambaa. Kuko mutu alikaa chini na sindano akaishona. Mushono kwa mushono! Fundi mwenzangu. Mimi nikiona inapanda, moyo unasema: uzi umeshika."

"Uzi! Mimi siwezi kupanda kitu cha uzi."

"Suruali yako iko na nini, Anselme? Si uzi? Na unaiaminia mbele ya bamama wote wa soko."

Watu wakacheka, na mimi nikaona ni zamu yangu. "Yangu inasema," niliwaambia. "Iko na moteur mume na moteur mke."

"Na ile ya Tonton yako?"

"Ile ni bwana na wanawake watatu. Njo maana makelele ni mingi."

Papa Saidi alishika mbavu. "Sikia huyu! Anselme, ndege yako ni Mwislamu! Na bado iko na nafasi ya bibi mumoja!"

Hakuna aliyeniuliza kwa nini naipenda yangu. Walijua. Ilipotua ile yangu ugomvi ukasimama kwa heshima, tukaangalia mlango wa nyuma. Mlango ulifunguliwa. Walishuka wanaume wenye mikoba, masista, mzungu mwenye mbwa, watoto wenye kofia. Kila aliposhuka mtu nilijiambia ni yule atakayefuata. Halafu mlango ukafungwa, na mwanamume akaja na ndoo na ufagio, na nikajua kwamba ndani hakuna mtu tena, kwa sababu hakuna anayefagia juu ya miguu ya mtu.

Habari za Madame zilitufikia kwa njia ya mpishi wake wa zamani, aliyebaki kwenye nyumba ile na mabwana wapya. Alikuja uani akavua kofia. Selina atarudi Pasaka. Pasaka ikapita. Mtoto anaota meno, ngojeni kidogo. Meno yakaota. Mtoto amezoea lakini Madame ana mimba nyingine, hivyo baada ya mimba. Kila mara mpishi alipotaja wakati, Mama alifua kitambaa cha meza, akapika lituma, ndizi za kupondwa pamoja na samaki, chakula ambacho kwa ajili yake Yaya angeweza kumwibia hata padri. Tuliporudi na Tonton bila mtu, Mama alituangalia mikono, kana kwamba tungeweza kuwa tumembeba, kisha akapakua. Lituma ile ilikuwa tamu, na utamu wake ulituudhi. Papa alikula kwa kugeukia ukuta.

"Nimechoka kupikia ndege," Mama alisema siku moja, akaliacha sufuria mezani, akaenda kulala mchana kweupe.

Basi nikaamua kuikaripia mwenyewe. Ilipokuja kuegesha karibu na waya, ikageuza mkia wake upande wetu, nikabandika mdomo kwenye tundu la waya nikaiita kwa jina lake. "We mwewe wa chuma, mutoto wa mahali hatupajue! Umemuacha wapi? Kila siku unaleta batu hatuwajue! Nani amekuambia tunataka mbwa ya mzungu?"

Askari wa lindo alikuja na fimbo yake kwapani. "We mutoto, toka ku waya! Unasema na nani?"

"Na yeye."

"Yeye nani?"

"Ndege."

Askari akaiangalia ndege, akaniangalia mimi, akashusha sauti. "Anajibuka?"

"Bado."

"Bon. Siku akijibu, uniite," akasema, akaenda zake.

Jumapili moja tulichelewa, mvua ilitufungia njiani. Tulipofika, ndege yangu ilikuwa imeshaegeshwa, pua juu, maji yanadondoka kwenye bawa. Nikaenda moja kwa moja kwenye tundu langu nikaanza kazi. Nilikuwa katikati ya maneno makali niliposikia juu ya mto, wuuu-wuuu, wuuu-wuuu. Nikainua kichwa. Ndege yangu ilikuwa inatua. Nikashusha kichwa. Ndege yangu ilikuwa imekaa. Niliinua na kushusha kichwa kama kuku anayekunywa maji, na ile ya juu ikagusa ardhi, ikayumba, ikaja polepole na kukaa kando ya mwenzake, mkia chini, pua juu, hazina tofauti hata ya uchafu.

"Tonton, hii ni nini?"

"Dese-troa."

"Na ile?"

"Dese-troa vilevile."

"Gani ni yetu?"

Tonton alicheka, hakujua ninauliza nini. "Yetu namna gani? Iko mingi, Mado! Léo iko nayo mingi, muji wa Elisabeth iko nayo, dunia nzima iko nayo. Unaona maandishi yale? Kila moja na yake, kama baiskeli na namba yake."

Sikuwa bado najua kusoma. Niliona mistari myeusi, basi. "Maandishi ya ile iliyomuchukua Yaya yalisemaje?"

Tonton akamwangalia Papa Saidi, ambaye siku ile ya kuondoka hakuwepo. "Sikuangalia," alisema.

"Papa aliangalia?"

"Sidhani."

Hapo ndipo nilipokasirika hasira ambayo sikujua kwamba mtoto anaweza kuwa nayo. Watu wazima, wanaojua herufi, wamesimama pale wanakumbuka injini, wanakumbuka uzi, wanakumbuka kila kitu kuhusu kila ndege, na siku ile moja hakuna aliyesoma! Muda wote ule nilikuwa nakaripia yeyote aliyekuja. Nilikuwa kama mtu anayekwenda kudai kwa majirani kwa sababu nyumba zao zinafanana. Nilipiga teke gurudumu la baiskeli ya Tonton, likaniumiza mguu mimi, nikalipiga tena.

Papa Saidi akachuchumaa mbele yangu. "Ulifikiri iko moja?"

"Koko alimupa jina."

"Jina gani?"

Nikamwambia. Hakucheka. Alilirudia polepole, akivuta mdomo kama anavyopima kitambaa. "Ni jina muzuri," alisema. "Pengine Koko yako alitoa jina la ukoo nzima, wewe ukalishika kama la mutu mumoja."

Lilikuwa jibu zuri na halikunisaidia hata kidogo. Ndege zenye ukoo zinaweza kusingiziana. Sikurudi tena Simi-Simi. Tonton alikuja Jumapili iliyofuata akapiga kengele ya baiskeli mlangoni, akapiga tena, akaondoka peke yake. Ndege ilipopita juu ya nyumba yetu, wuuu-wuuu, niliingiza vidole masikioni. Na kibaya zaidi, niliwahi kuviingiza kabla haijafika, kwa sababu niliisikia kabla ya mtu yeyote.

Nikawa nashinda na Mama sokoni, kando ya bandari. Pale meli za Léo zilifika na mashua zake za mizigo zimefungwa ubavuni, mbuzi, magunia, watu wamelala juu ya magunia. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeziangalia. Macho yetu yalikuwa yamezoea juu. Meli kwetu zilimaanisha wateja tu.

Asubuhi moja ya meli, msichana mrefu mwenye sanduku la bati kichwani alisimama mbele ya samaki wetu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa mtindo wa Léo. Akauliza bei kwa Kilingala. Mama alimtajia bila kuinua uso.

"Ghali, mama."

"Ghali? Basi ruka mu maji uvue wako."

"Mfff," akafanya yule msichana.

Mkono wa Mama ulisimama juu ya samaki. Nilimwona anasikiliza, kama anayengoja sauti ile irudi ili awe na hakika. Ikarudi, mfff, mfff. Mama alisimama, akamkamata samaki mkubwa kwa mkia, akampiga naye Yaya Selina begani, akampiga tena mgongoni, kisha samaki akaanguka, na walikuwa wameshikana katikati ya soko, Mama akipiga kelele juu ya bega lake, "Walisema ndege! Walisema na ndege!"

"Ndege walipanda wao, Mama. Wamerudia kwao Ulaya. Mimi walinipandisha mu bato."

Alikuwa amelala melini juu ya magunia ya chumvi kutoka Léo mpaka Kisangani. Aliipita Yanonge alfajiri, karibu kabisa, aliiona nyumba ya Koko. Na sisi siku ile hatukuwa tunaangalia mto.

Mchana, uani, akanikalisha chini kati ya magoti yake anisuke. Nilikuwa nimengoja vya kutosha. Nilikuwa na maswali ambayo hata Tonton na Papa Saidi hawakuwa na majibu yake, kwa sababu wao walijua nje tu, na huyu alikuwa ndani.

"Ni kweli mule ndani unapanda kama kilima?"

"Ni kweli. Unapanda mpaka kwa kiti."

Furaha ilinijaa. "Na yulu? Uliona nini? Uliona Yanonge? Maporomoko uliona? Batu wanakuwa wadogo namna gani?"

"Sikuona kitu."

"Namna gani hukuona kitu?"

"Madame alikaa kwa dirisha. Mutoto alinitapikia. Nilishika kichwa chake, nikafunga macho, nikasali tu mpaka Léo." Akavuta nywele zangu. "Tulia."

Sikutulia. Nilimpiga gotini kwa ngumi. Ndege yangu! Wamempa mtu aliyefumba macho! Mimi nimekaa kwenye waya na jua na mvua, na yeye amekaa katikati ya tumbo lake akanusa matapishi. "Ungefungua moja!" nilimwambia, na machozi yananitoka. "Jicho moja tu, Yaya!"

Alicheka kwa pua, kisha akaacha kucheka. Vidole vyake viliendelea kidogo kichwani mwangu, vikapunguza mwendo.

"Wewe uliona?" akauliza.

"Niliona yote."

"Iliruka namna gani?"

Nilikuwa bado na hasira, kwa hiyo nilianza kwa maneno ya mkato. Ilikwenda mpaka mwisho wa uwanja, nikasema, kwenye mitende, ikageuka kutuangalia. Ikapiga kelele mpaka ikatetemeka yote, lakini haikutoka mahali, kama imefungwa kamba. Halafu kamba ikakatika. Ikaja. Mkia ndio ulioinuka kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ikawa inakimbia imenyooka kwa magurudumu ya mbele, hujui tena kama ni ileile. Halafu chini ya magurudumu ukaonekana mwanga, mdogo, kama unene wa mkono. Mwanga ukakua. Juu ya miti ikakunja gurudumu moja, ikasahau lingine, ikakumbuka, ikakunja na lile. Ikageukia mto, jua likapiga bawa, na Papa akaondoa kofia yake. Sijui kwa nini aliondoa kofia. Mama aliendelea kuangalia hata ilipokuwa haipo.

Vidole vya Yaya vilikuwa vimesimama kabisa.

"Gurudumu moja mbele ya lingine?"

"Moja mbele ya lingine."

Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa, nusu imesimama. "Na mimi nilikuwa mule ndani," alisema, taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya jirani yake. Kisha akanigeuza kichwa kwa mikono miwili ili nikae vizuri.

"Anza tena," akasema. "Tangu kwenye mitende."